Kompyuta ya usanifu na kurenda

Kompyuta ya usanifu na kurenda ni kompyuta yenye uwezo mkubwa inayotumiwa na wasanifu majengo, wahandisi, watengenezaji wa katuni, wahariri wa video na wabunifu wengine kwa ajili ya kuchora maumbo ya pande tatu na kuyageuza kuwa picha au filamu. Uwezo wake uko kati ya ule wa kompyuta ya kawaida ya ofisini na ule wa seva.

Kurenda ni kazi ya kompyuta ya kukokotoa jinsi mwanga unavyogonga vitu vilivyochorwa, unavyorudi na unavyofika machoni pa mtazamaji, hadi picha kamili ipatikane. Picha moja ya nyumba yenye vioo, maji na majani inaweza kuhitaji mabilioni ya hesabu za namna hiyo.

Katika kuchagua sehemu za kompyuta hii, bei peke yake haimwongozi mnunuzi. Upungufu wa baadhi ya sehemu, kama prosesa, hufanya kazi iende polepole. Upungufu wa nyingine, kama kumbukumbu, unaweza kufanya kazi isifanyike kabisa. Kwa sababu hiyo uchaguzi huanza na programu zitakazotumika na ukubwa wa mafaili yatakayofunguliwa, ndipo sehemu hutafutwa.

Historia

Mwaka 1973 maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, ilitengeneza kompyuta iliyoitwa Alto. Ilikuwa na skrini ya kuonyesha michoro pamoja na kipanya, na ilikusudiwa kutumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani kama Apollo Computer, Sun Microsystems na Silicon Graphics ziliuza kompyuta za aina hiyo kwa wahandisi na wanasayansi. Kompyuta za Silicon Graphics zilitumika kutengeneza madinosari ya filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993. Filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, ambayo ni filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, ilirendwa kwa kundi la kompyuta za Sun zilizounganishwa pamoja.

Hisabati ya kurenda ilikua katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1980 Turner Whitted alieleza njia ya kufuata miali ya mwanga inayorudi na kupenya, na mwaka 1986 James Kajiya alitoa mlinganyo wa jumla wa kurenda ambao bado ni msingi wa programu nyingi za leo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kompyuta za kawaida zilianza kuwa na nguvu ya kutosha kwa kazi hizo, na kadi za grafiki zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo zilishusha gharama. Mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa CUDA, mfumo unaowezesha kadi ya grafiki kufanya hesabu za kila aina. Mwaka 2018 ilianza kuuza kadi za RTX zenye sehemu maalumu ya kukokotoa miali ya mwanga. Kampuni za zamani zilidhoofika: Silicon Graphics iliomba kufilisika mwaka 2009, na Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Leo kompyuta nyingi za kurenda zinajengwa kwa sehemu zilezile zinazopatikana katika maduka ya kompyuta, na mnunuzi anaweza kuchagua kila sehemu peke yake.

Aina za kazi

Kazi za usanifu hazielemei sehemu zilezile za kompyuta.

* Kuchora na kurekebisha modeli, kama katika AutoCAD, Revit au SketchUp. Hatua nyingi hufuatana moja baada ya nyingine, hivyo hutegemea kasi ya kiini kimoja cha prosesa.
* Kurenda kwa prosesa. Picha hugawanywa vipande vidogo na kila kiini hupewa chake, hivyo wingi wa viini una faida kubwa. Programu ya Corona, kwa mfano, hurenda kwa prosesa tu.
* Kurenda kwa kadi ya grafiki. Cycles, injini ya kurenda iliyomo ndani ya Blender, inaweza kutumia prosesa au kadi ya grafiki, na mara nyingi kadi humaliza mapema zaidi.
* Kuonyesha papo hapo, kama katika Lumion, Twinmotion, Enscape au Unreal Engine. Kazi hii hutegemea kadi ya grafiki.
* Kuhariri video. Huhitaji diski ya haraka, RAM ya kutosha na sehemu maalumu za kusoma na kubana video zilizomo ndani ya prosesa au kadi ya grafiki.

Mtu anayechora mchana kutwa na kurenda picha mbili jioni ana mahitaji tofauti na mtu anayerenda filamu ya katuni kwa siku nzima. Wa kwanza hufaidika zaidi na kiini chenye kasi, wa pili na viini vingi au kadi kubwa.

Prosesa

Prosesa, ambayo huitwa pia kichakataji, hupimwa hasa kwa mambo mawili: kasi ya kila kiini na idadi ya viini. Kasi huandikwa kwa gigahezi, lakini gigahezi za vizazi tofauti hazilingani. Prosesa mpya ya gigahezi 4 huweza kufanya kazi nyingi zaidi kuliko ya zamani yenye namba hiyohiyo.

Kuongeza viini kuna kikomo kilichoelezwa na Gene Amdahl mwaka 1967. Ikiwa asilimia 95 ya kazi inaweza kugawanywa na asilimia 5 haigawanyiki, prosesa ya viini 16 huharakisha kazi hiyo takriban mara 9, si mara 16. Viini 32 huiharakisha takriban mara 12.5. Hata viini vikiwa maelfu, kasi haitafika mara 20. Kurenda picha hugawanyika vizuri sana, hivyo viini vingi vina maana. Kuchora modeli hugawanyika kidogo, hivyo mtu anayenunua prosesa ya viini 64 ili kuchora ramani za nyumba huenda asione tofauti yoyote.

Prosesa za kawaida zenye nguvu ni kama AMD Ryzen 9 7950X yenye viini 16, na Intel Core i9-14900K yenye viini 24, vikiwemo 8 vya kasi na 16 vya kutumia umeme kidogo. Kwa wanaorenda kwa prosesa tu kuna aina ya AMD Threadripper, kama 7980X yenye viini 64, lakini hiyo huhitaji ubao mama wa pekee na upozaji mkubwa.

Kadi ya grafiki

Kadi ya grafiki ina maelfu ya viini vidogo vinavyofanya hesabu inayofanana kwa pamoja. Ina pia kumbukumbu yake yenyewe, ambayo haifai kuchanganywa na RAM ya kompyuta. Kwa kurenda, ukubwa wa kumbukumbu hiyo ndilo jambo la kwanza kuangaliwa, kwa sababu modeli na picha zote za nyuso za vitu kwa kawaida lazima zitoshee ndani yake. Zisipotosha, baadhi ya programu huazima RAM ya kompyuta na kupunguza mwendo, na nyingine husimama na kutoa ujumbe wa kosa.

Hesabu ndogo huonyesha jinsi kumbukumbu inavyojaa. Picha ya uso wa ukuta yenye nukta 4,096 kwa 4,096, yenye baiti 4 kwa kila nukta, huchukua MB 64 ikishafunguliwa, hata kama faili lake la JPEG lina MB 5 tu. Picha ya nukta 8,192 kwa 8,192 huchukua MB 256, na picha 16 za namna hiyo hujaza GB 4. Kwa kawaida kitu kimoja hutumia picha kadhaa: ya rangi, ya mng'ao, ya mikwaruzo. Kwa hiyo chumba chenye samani nyingi kinaweza kushinda kadi ya GB 8. Kabla ya kununua kadi kubwa zaidi, mara nyingi inawezekana kupunguza ukubwa wa picha za vitu vilivyo mbali na kamera bila mtazamaji kuona tofauti.

Miongoni mwa kadi za NVIDIA, GeForce RTX 3060 huwa na aina ya GB 12, RTX 4090 ina GB 24 na RTX 5090 ina GB 32. Kadi ya kitaalamu ya RTX 6000 Ada ina GB 48. Kadi za kitaalamu huuzwa ghali zaidi kwa sababu ya kumbukumbu kubwa, uwezo wa kusahihisha makosa ya kumbukumbu, na draiva zilizojaribiwa pamoja na programu za uhandisi. Anayetumia SolidWorks au programu nyingine ya uhandisi hufaa kuangalia orodha ya kadi zilizothibitishwa na mtengenezaji wa programu hiyo. Kwa Blender na programu nyingi za kuonyesha majengo, kadi za michezo hutosha.

Kadi mbili zikiwekwa katika kompyuta moja, kasi ya kurenda huongezeka lakini kwa kawaida kumbukumbu haijumlishwi. Kadi mbili za GB 12 hubaki na kikomo cha GB 12, kwa kuwa kila moja hubeba nakala ya modeli nzima. Ni muhimu pia kuhakikisha kwamba programu inaikubali kadi: Cycles hufanya kazi kwenye kadi za NVIDIA, AMD na Intel pamoja na kompyuta za Apple, lakini kuna injini zilizojengwa juu ya CUDA, ambazo huhitaji kadi ya NVIDIA.

RAM

RAM ni kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Ikijaa, mfumo huanza kutumia diski badala yake, na kazi ya dakika chache huweza kuchukua saa nzima au programu ikajifunga. GB 16 hutosha kwa kujifunza na kwa modeli ndogo. GB 32 ni kiwango cha kawaida cha kazi ya kulipwa, na GB 64 hufaa kwa majengo makubwa, miji na bustani zenye miti mingi. Wanaotengeneza moshi, maji na milipuko huhitaji GB 128 au zaidi.

Vijiti viwili vya GB 16 huwa bora kuliko kimoja cha GB 32, kwa sababu prosesa nyingi husoma njia mbili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ubao wenye nafasi nne ukijazwa wote, RAM ya DDR5 mara nyingi hulazimika kushuka kasi. Ni vizuri kununua vijiti viwili vikubwa na kuacha nafasi mbili. DDR4 na DDR5 haziingiliani.

Diski

Diski ngumu ya zamani yenye sahani inayozunguka husoma takriban MB 150 hadi 250 kwa sekunde. SSD ya SATA husoma takriban MB 550, na SSD ya NVMe ya kizazi cha nne hufika takriban MB 7,000. Kuhama kutoka diski ngumu kwenda SSD yoyote huonekana mara moja, lakini kuhama kutoka NVMe ya kizazi cha tatu kwenda cha nne hakupunguzi muda wa kurenda, kwa kuwa wakati wa kurenda diski haina kazi kubwa.

Mpangilio wa kawaida ni SSD ya NVMe kwa mfumo, programu na kazi za sasa, na diski ngumu kwa kumbukumbu za kazi zilizokwisha. Desturi ya kuhifadhi ni kuwa na nakala tatu za kila kazi, katika vifaa viwili vya aina tofauti, na moja iwe nje ya jengo.

Ubao mama

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi, hauongezi kasi ya kurenda moja kwa moja. Kazi yake ni kuunganisha sehemu zote na kuipa prosesa umeme usioyumba. Mambo ya kuangalia ni kama soketi inalingana na prosesa, idadi ya nafasi za RAM na za NVMe, umbali kati ya nafasi za kadi kama kadi ya pili itaongezwa, na ubora wa sehemu ya umeme. Ubao wa bei ya chini unaweza kuwasha prosesa ya viini 16, lakini baada ya muda mfupi wa kurenda ukapata joto na kuilazimisha prosesa kupunguza mwendo.

Pawa saplai na umeme

Kompyuta ya ofisini hutumia umeme mwingi kwa vipindi vifupi. Kompyuta ya kurenda hutumia umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Kadi ya RTX 4090 imekadiriwa W 450 na RTX 5090 W 575. Ukijumlisha prosesa ya W 230, na W 100 za ubao, diski na feni, kompyuta yenye RTX 4090 hufika W 780. Pawa saplai ya W 1,000 huacha nafasi ya kutosha. Alama ya 80 Plus, kuanzia Bronze hadi Titanium, huonyesha kiasi cha umeme kinachopotea kama joto.

Gharama ya umeme nayo huhesabiwa mapema. Filamu ya dakika moja yenye fremu 25 kwa sekunde ina fremu 1,500. Kila fremu ikichukua dakika 4, kazi nzima ni dakika 6,000, yaani saa 100 au siku 4 na saa 4. Kompyuta inayotumia W 700 kwa muda huo hula uniti 70 za umeme.

Umeme unapokatika mara kwa mara, UPS ni sehemu ya kompyuta kama zilivyo nyingine. UPS huandikwa kwa VA, na namba hiyo si sawa na wati: UPS ya VA 1,000 inaweza kutoa W 600 tu, ambazo hazitoshi kompyuta iliyotajwa hapo juu. Pawa saplai za kisasa hufanya kazi vizuri zaidi na UPS inayotoa wimbi laini la umeme. Lengo la UPS si kurenda usiku kucha gizani bali kupata dakika za kuhifadhi na kuzima.

Njia isiyo na gharama ya kujikinga ni kurenda filamu kama mfululizo wa picha za PNG au EXR, si kama faili moja la video. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 1,200, fremu zilizotangulia hubaki salama na kazi huendelea kutoka hapo. Faili la video lililokatizwa katikati mara nyingi halifunguki.

Upozaji na kasha

Prosesa na kadi za grafiki hupunguza mwendo zenyewe zinapofikia joto la juu. Kwa prosesa nyingi za sasa ni kati ya nyuzi 90 na 100 za Selsiasi. Kompyuta isiyopoa vizuri huanza kwa kasi na baada ya dakika kumi hurudi nyuma, hivyo jaribio la dakika moja dukani halionyeshi hali halisi. Kasha linalofaa lina matundu mbele, feni za kuingiza hewa na za kuitoa, na vichujio vya vumbi vinavyotoka kirahisi. Kipoza joto kikubwa chenye feni hutosha kwa prosesa nyingi. Upozaji wa maji huhitajika kwa zile za nguvu zaidi. Mahali penye vumbi, kusafisha kila baada ya miezi michache huongeza maisha ya mashine.

Skrini

Skrini haibadilishi muda wa kurenda, lakini rangi zote huamuliwa kupitia kwayo. Skrini za aina ya IPS huonyesha rangi zilezile hata zikitazamwa kutoka pembeni. Kwa kazi za mtandaoni, skrini inayofunika rangi zote za sRGB hutosha. Kwa uchapishaji hutafutwa yenye Adobe RGB, na kwa filamu yenye DCI-P3. Kifaa cha kurekebisha rangi hupunguza malalamiko ya mteja kwamba ukuta uliochapishwa haufanani na aliouona.

Laptopu na mashine zilizotumika

Laptopu hubebeka, lakini nafasi ndogo ya kupoza hupunguza nguvu yake. Jina la kadi pia linaweza kupotosha: RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina GB 24, ya laptopu ina GB 16.

Katika masoko ya Afrika Mashariki, kama Kariakoo jijini Dar es Salaam au maduka ya katikati ya Nairobi, huuzwa kompyuta za kitaalamu zilizotumika za aina za HP Z, Dell Precision na Lenovo ThinkStation. Zimejengwa kwa uimara na bei yake ni nafuu, lakini zina mitego yake. Prosesa ya Xeon E5-2690 v4 ya mwaka 2016 ina viini 14, lakini mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.6. Inafaa kwa kurenda kwa prosesa kuliko kwa kuchora. Pawa saplai na bao mama za mashine hizi nyingi zina umbo la kampuni yenyewe, hivyo zikiharibika haziwezi kubadilishwa na za kawaida. HP Z440, kwa mfano, ina pawa saplai ya W 700, ambayo huweka kikomo cha kadi inayoweza kuongezwa. RAM zake za seva haziwezi kuhamishiwa kwenye ubao wa kawaida. Aidha, prosesa za kizazi hicho hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Utaratibu wa kuchagua

# Kuandika programu zitakazotumika na kuangalia kama zinarenda kwa prosesa au kwa kadi.
# Kufungua kazi kubwa iliyopo, kuirenda, na kuangalia katika kidhibiti kazi cha mfumo ni sehemu ipi inayojaa: viini, kumbukumbu ya kadi, RAM au diski.
# Kutenga kwanza fedha za kumbukumbu ya kadi na RAM, kwa kuwa upungufu wake husimamisha kazi, kisha za kasi.
# Kujumlisha wati na kuchagua pawa saplai, upozaji na UPS kabla ya bajeti kuisha.
# Kulinganisha matokeo ya vipimo vya wazi, kama Cinebench kwa prosesa na Blender Open Data kwa prosesa na kadi.

Kwa utaratibu huo, msanifu majengo anayetumia Revit na Enscape kwa kawaida hufikia prosesa ya viini 8 vyenye kasi, kadi ya GB 12 au 16 na RAM ya GB 32 au 64. Anayetengeneza katuni kwa Blender hufikia kadi kubwa zaidi na prosesa ya wastani. Anayerenda kwa Corona huanza na prosesa ya viini 16 au zaidi na RAM ya GB 64, na kadi ndogo humtosha.